Maswali na Majibu: Goti bandia limefaa au halijafaa?

SWALI: *Kwenye kliniki yetu ya mifupa, mgonjwa aliyebadilishiwa goti akiulizwa anaendeleaje hujibu "nashukuru, sijambo", nasi tunaandika hivyo kwenye faili. Sasa bosi anataka takwimu. Tuanze na nini? – Muuguzi*

JIBU: Anzeni kabla ya kisu. Kosa kubwa katika kazi hii si kuchagua dodoso baya, ni kupima baada ya upasuaji tu. Mgonjwa mwenye alama 34 leo anakuambia nini? Kama alianza na 15, amepanda 19 na maisha yake yamebadilika. Kama alianza na 31, goti limebadilishwa kwa faida ya alama 3, ambazo yeye mwenyewe huenda hata hazihisi.

Alama hizo ni za Oxford Knee Score, dodoso ambalo tungelichagua kwa kliniki yenye watu wengi na muda mchache. Lina maswali 12 kuhusu wiki 4 zilizopita: maumivu ya usiku, kushuka ngazi, kuingia na kutoka kwenye gari, kupiga magoti na kadhalika. Kila swali lina alama 0 hadi 4, jumla 48, na 48 ndiyo hali njema kabisa. Tahadhari: toleo la zamani lilihesabiwa 12 hadi 60, na huko alama ndogo ndiyo iliyokuwa nzuri. Andikeni kwenye fomu mnatumia hesabu ipi, la sivyo mtakuja kuchanganya mbingu na ardhi.

Mjazisheni wiki chache kabla ya upasuaji, si asubuhi ileile akiwa juu ya machela na hofu imemjaa. Rudieni miezi 6 baadaye, kisha mwaka 1. Wiki ya 6 ni ya kuangalia mshono, uvimbe na goti linakunjika kiasi gani. Dodoso wakati huo hupima zaidi uchungu wa upasuaji wenyewe.

Ajaze mwenyewe. Asiyeweza kusoma asomewe na mtu asiye wa timu ya upasuaji, neno kwa neno, bila "yaani huumii sana, sivyo?" Daktari aliyempasua akiuliza, atapewa majibu ya adabu. Mtoto aliyemsindikiza naye asimjibie. Tumieni tafsiri iliyofanyiwa majaribio na kuombewa kibali, si ya kubuni pale pale kwenye korido. Maswali 1 au 2 yakiachwa wazi, jazeni wastani wa yaliyojibiwa. Yakizidi hapo, msihesabu jumla.

Swali la kupiga magoti huwashusha wengi alama, mara nyingi kwa sababu wanaogopa au waliambiwa wasijaribu, si kwamba goti limeshindwa. Na wasiorudi kliniki wapigieni simu: mkiwahesabu waliokuja peke yao, takwimu zitapendeza kuliko ukweli.

SWALI: *Mgonjwa mmoja, siku moja: mimi napima mkunjo napata nyuzi 95, mwenzangu 105. Nani kakosea? – Mwanafunzi wa fiziotherapia*

JIBU: Pengine hakuna. Huenda wewe ulimwacha akunje mwenyewe, mwenzako akamsaidia kwa mkono. Andikeni ni ipi kati ya hizo mbili. Kisha mkubaliane alama za mwili: mgonjwa alale chali, kitovu cha goniomita (kifaa cha kupimia pembe ya kiungo, chenye mikono miwili) kikae kwenye nundu ya mfupa wa paja upande wa nje wa goti, mkono wake mmoja uelekee nundu ya nje ya nyonga, wa pili uelekee kifundo cha nje cha mguu. Goniomita ya mikono mirefu hukosea kidogo kuliko ile fupi. Tofauti ya nyuzi chini ya 5 msiiite maendeleo.

Kunyoosha ndiko kunakosahaulika. Weka taulo lililokunjwa chini ya kisigino ili goti lining'inie. Likilala kitandani, godoro huficha nyuzi zilizobaki kabla goti halijanyooka kabisa.

Ongezeni jaribio la kiti: kiti kisicho na mikono, kimo cha sentimita 43 hivi, kimeegemezwa ukutani, mikono ya mgonjwa imepishana kifuani. Hesabu anasimama wima mara ngapi kwa sekunde 30. Akijisukuma kwa mikono, andika 0. Kiti kikibadilishwa, matokeo hayalinganishiki tena.

SWALI: *Mama yangu ana miezi 4 tangu abadilishiwe goti. Picha ya eksirei ni safi, lakini bado analalamika. Je, anadeka?*

JIBU: Hapana. Picha huonyesha goti bandia limekaaje, haipimi maumivu. Takriban mgonjwa 1 kati ya 5 husema hajaridhika kikamilifu, na mara nyingi nafuu huendelea kuongezeka hadi mwaka utimie. Ombeni pia nyonga ya upande huo na mgongo vikaguliwe, kwani maumivu ya huko huweza kushukia gotini. Ila akipata homa, goti likawa jekundu na la moto, mshono ukitoa usaha, au kigimbi kikavimba na kuuma, mpelekeni hospitali leo hii. Akibanwa na pumzi au kifua, ni dharura.