Hasi kwanza, spika baadaye: kwa vijana wanaofunga muziki kwenye pikapu kuukuu

Vijana mnaojifunza kufunga muziki hapa Tanga, mikono mnayo na masikio mnayo, ila kuna makosa mnayarudia mpaka mtu anachoka kuyasema kwa mdomo. Hilux ya dizeli ya miaka ya tisini inaingia, mwenyewe kaja na amplifaya, subwufa ya inchi 10 na spika nne, na kabla boneti halijafunguliwa tayari kuna mtu kashika drili anapima mlango. Weka drili chini. Umeme wa gari hilo umeshapita mikononi mwa mafundi wengi kuliko unavyodhani, na kila mmoja kaacha tepu yake.

1. Pima kabla ya kugusa. Betri iliyolala usiku kucha isome volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka, 13.8 hadi 14.4. Ikiwa taa zimewashwa na mita inasoma 12.9, kazi yako ya leo ni mkanda na altaneta, muziki kesho. Kisha piga hesabu: amplifaya ya klasi D (aina isiyopoteza umeme mwingi) yenye wati 500 za RMS, yaani wati halisi za kuendelea, ina ufanisi wa kama asilimia 80, kwa hiyo inadai wati 625. Gawa kwa 13.8, unapata ampea 45. Ya klasi AB, aina inayopoteza zaidi kwa joto, yenye wati hizohizo itataka kama 60. Altaneta nyingi za pikapu za enzi hizo hazifiki ampea 70, na taa kubwa peke yake zinachukua 9 au 10. Muziki haukai juu muda wote, ndiyo maana mambo yanakwenda. Lakini mteja anayetaka wati 1,500 kwenye altaneta hiyo mwambie ukweli mapema, asije akakuita usiku gari limezima Pongwe.

Wati 2,000 zilizoandikwa kwenye boksi ni mapambo. Soma fyuzi za amplifaya yenyewe. Zikiwa mbili za 25, haiwezi kula zaidi ya ampea 50 kwa muda mrefu. Kama ni klasi AB, hapo utapata wati 400 na kidogo. Na baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli zilizotoka Japani zinatumia volti 24. Ukiona betri mbili, toa mita. Amplifaya ya volti 12 haiombi radhi, inafuka tu.

2. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, kwa sababu inalinda waya, si amplifaya. Tundu la kupitisha waya kwenda kebini livishwe raba. Kwa ampea 50 na urefu wa mita 4, usishuke chini ya milimita za mraba 16. 25 ni bora. Kwangua ncha kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inapitisha kama theluthi mbili tu ya shaba halisi, basi panda saizi moja au urudishe dukani.

3. Hasi. Hapa tukae, kwa sababu hapa ndipo pesa za wateja zinapozama.

Kijana anavuta waya mzuri wa chanya, mnene, umepita vizuri, fyuzi ipo. Hasi anaimalizia chini ya siti kwa skrubu ya kuchomea bati, juu ya rangi, juu ya zulia lenye unyevu. Anawasha, muziki unapiga, anapokea hela yake. Swali ambalo hajajiuliza ni hili: umeme ule unarudije kwenye betri?

Kebini ya pikapu hizi imekaa juu ya raba kwenye chesisi, na raba haipitishi umeme. Njia ya kurudi ni mkanda mwembamba wa waya uliosukwa, kutoka kebini kwenda kwenye injini au chesisi. Uliwekwa kiwandani kwa ajili ya taa za dashibodi, waipa na redio ndogo. Sasa fikiria pikapu iliyobeba samaki miaka kumi kutoka mwalo wa Deep Sea. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanapita kwenye matundu ya bodi la nyuma, yanachuruzika kwenye chesisi, na upepo wa bahari unamalizia yaliyobaki. Ule mkanda ukiushika unakatikia mkononi, ndani ni unga wa kijani. Ampea 45 ndizo unazitaka zipite hapo.

Hazipiti kirahisi, kwa hiyo zinatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni ganda la nje la waya wa RCA linalounganisha amplifaya na redio. Kwanza unasikia mlio mwembamba unaopanda na resi. Fundi mpya anasema redio mbovu, anamnunulisha mteja kichujio cha kelele. Mlio unapungua kidogo, unarudi. Anabadilisha waya za RCA. Besi ikigonga, amplifaya inajizima na taa nyekundu. Anasema amplifaya mbovu. Wakati huohuo, ndani ya redio, kijia chembamba cha hasi ya RCA kimeshaungua, na sasa hata ukirekebisha kila kitu mlio hauondoki. Mteja kanunua redio, kichujio na waya, na ugonjwa ulikuwa bolti moja. Mkanda wa hasi wa injini nao ukikatika, starta yenye kuvuta ampea mia na zaidi inaweza kurudi kupitia kebo ya akselereta. Ukikuta kebo hiyo ya moto au ganda lake limeyeyuka, umeshaelewa.

Msipime hasi kwa omu. Nawaona mnafanya hivyo, mita inasoma 0.3, mnatabasamu. Nyaya za mita zenyewe zinaweza kusoma 0.3. Ukinzani wa 0.02 tu, ambao mita yako haiuoni, ukipita ampea 45 unakula volti 0.9. Pima volti zinazopotea kazini. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja kwenye nguzo ya risasi ya hasi ya betri, siyo kwenye kibanio. Nyingine kwenye temino ya hasi ya amplifaya. Piga toni ya hezi 50 kwa sauti kubwa, maana nyimbo hupanda na kushuka na mita haitatulia. Chini ya volti 0.1 ni safi. Hadi 0.2 inavumilika. Ikipita nusu volti, fumua. Kisha hamisha ncha hatua kwa hatua: betri hadi chesisi, chesisi hadi kebini, kebini hadi amplifaya. Namba inaporuka ndipo ugonjwa ulipo, huna haja ya kubahatisha.

Dawa yake: vuta hasi ya saizi ileile ya chanya moja kwa moja hadi kwenye chesisi. Kwangua mpaka chuma cheupe, eneo la sarafu ya shilingi 200. Bolti ya M8, washa yenye meno, lagi (kichwa cha waya chenye tundu la bolti) iliyobanwa kwa koleo lake na si kwa meno ya praizi. Kaza, halafu ndipo upake grisi au rangi juu yake. Ukipaka kabla ya kukaza umejifungia mlango mwenyewe. Ongeza nyaya tatu mpya za 16 au 25: hasi ya betri hadi chesisi, injini hadi chesisi, chesisi hadi kebini. Bolti ya mkanda wa usalama msiiguse. Na kwa redio iliyokwisha kuungua kijia, gusisha waya mfupi kutoka bodi ya redio hadi ganda la RCA. Mlio ukikatika, lehemu waya huo ubaki hapo.

4. Kabla ya kutoboa sakafu, lala chini ya gari uangalie. Mabomba ya breki na ya mafuta yanapita kwenye chesisi.

5. Sanduku la nyuma ya siti. Bodi ya unga wa mbao inakunywa unyevu wa pwani mpaka inavimba. Tumia plaiwudi ya milimita 18, gundi na silikoni kwenye kona. Chukua vipimo vya ndani kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 1,000, unapata lita: 90 kwa 30 kwa 12 ni lita 32, toa nafasi ya subwufa. Chagua subwufa fupi, siti isisukumwe mbele, maana dereva mrefu atakulaani hadi Muheza. Na jeki ya pikapu nyingi hukaa nyuma ya siti hiyohiyo. Usimfungie mtu jeki nyuma ya sanduku lenye skrubu kumi na sita.

6. Shusha kioo mpaka chini kabla ya kukata mlango. Ile nailoni ya ndani irudishe, inazuia maji. Spika za karatasi hapa pwani huota ukungu.

7. Geini, kile kirekebishi cha kulinganisha amplifaya na redio, si kitufe cha sauti. Chomoa spika, besi busti iwe sifuri, redio robo tatu, pima AC kwenye matokeo kwa toni ile ya hezi 50, krosova (kichujio kinachogawa besi na sauti za juu) ikiwa imeondolewa. Zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili: wati 100 kwa omu 4 ni volti 20. Pandisha geini mpaka mita isome hivyo, simama hapo. Kisha rudisha krosova: kwa spika za milango ikate chini ya hezi 80, kwa subwufa ikate juu ya 80. Jaribu kwa taarabu ya Tanga ya enzi za kikundi cha Black Star, yenye gitaa la besi. Singeli haikuonyeshi kosa, inalifunika.

8. Bolti za hasi zilegee au zisilegee, mwite mteja baada ya wiki mbili uzikaze na upime tena. Bure. Huwa zinalegea.