Uzi Mnene kwa Sweta Jepesi

SWALI: Mhariri, sweta la shule la mwanangu limetoboka kiwikoni. Nilinunua uzi wa rangi ileile katika Soko la Majengo, lakini ni mnene kuliko ule uliofumiwa sweta. Kila nikijaribu kuutenganisha nipate uzi mmoja mmoja, unajiviringa, unafanya mafundo na hatimaye unakatika. Nifanyeje?
Msomaji, Ipagala, Dodoma

JIBU: Mafundo hayo si kosa la mikono yako. Uzi wa kufumia kwa kawaida huwa na nyuzi ndogo mbili, tatu au nne. Kila mmoja husokotwa peke yake kuelekea upande mmoja, kisha zote husokotwa pamoja kuelekea upande wa pili, na kwa kupingana huko ndiyo maana hazifumuki. Ukizitenganisha zikiwa bado kwenye donge, msokoto unaoutoa hauna pa kupitia, hivyo hurundikana mbele ya vidole vyako na kuwa fundo.

Kata kipande cha nusu mita, si zaidi. Sokotoa ncha moja mpaka nyuzi ndogo ziachane, shika mmoja tu, uuvute taratibu huku nyingine ukiziacha zijikunje chini ya vidole vya mkono wa pili. Ukishatoka wote, nyoosha zilizobaki kabla ya kuvuta unaofuata. Fanyia kazi hii ndani, kwa maana upepo wetu wa Juni na Julai hauachi uzi mwepesi utulie mapajani.

Uzi uliotoka utakuwa umejipinda. Uloweshe kwa maji ya vuguvugu, uutundike kivulini ukiwa na kibanio cha nguo kwenye ncha ya chini. Kwa hewa kavu ya Dodoma hautachelewa kukauka. Usiunyooshe kwa pasi ya moto, kwa kuwa masweta mengi ya shule ni ya akriliki, uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, ambao huyeyuka.

Kabla ya kushona, uvute kidogo kupima nguvu yake. Uzi mmoja ni dhaifu kuliko ulipokuwa na wenzake, na kiwiko husuguliwa na dawati siku nzima, kwa hiyo mimi ningetumia nyuzi mbili pamoja iwapo unene wa sweta unaruhusu. Tumia sindano butu yenye tundu kubwa, uanzie mahali palipo pazima, sentimita moja hivi nje ya sehemu iliyotoboka, na usikaze, la sivyo kiwiko kitajikunyata.