Sikukuu na Usalama wa Mbwa na Paka Wako

Wageni wakija kula sikukuu, jambo la kwanza ninalowaomba ni hili: mbwa na paka wasipewe chochote kutoka mezani. Wengine hununa kidogo, wakidhani nawanyima wanyama raha. Nawaelewa. Anayemtupia mbwa kipande cha nyama anafanya hivyo kwa upendo, na ndiyo maana ni vigumu kumkataza. Nimepata njia inayosaidia: naweka mezani bakuli dogo lenye punje za chakula cha kawaida cha mbwa wangu, na anayetaka kumpa kitu anachota humo. Watoto hulipenda sana bakuli hilo.

Chokoleti wengi wanaijua. Ina theobromini, kemikali ya kakao ambayo mwili wa mbwa huchelewa kuiondoa, na kadiri ilivyo nyeusi na chungu ndivyo ilivyo hatari zaidi. Kinachonitia hofu kuliko hiyo ni vitunguu, kwa sababu havionekani. Kitunguu maji na kitunguu saumu, kiwe kibichi, kimepikwa au kimesagwa kuwa unga, huharibu chembe nyekundu za damu, na paka ndio huathirika kirahisi zaidi. Nyama yenyewe inaweza kuwa haina neno, lakini imelala ndani ya mchuzi wa vitunguu. Kisha dalili huchukua siku kadhaa kujitokeza: mnyama analegea, fizi zinapauka, mkojo unageuka mwekundu au wa kahawia. Hapo wageni wameshaondoka na hakuna anayekumbuka nani alimpa nini.

Zabibu nazo, mbichi au kavu, hata zile zilizomo ndani ya keki, zinaweza kuua figo za mbwa. Mmoja anakula na hapati kitu, mwingine anaugua kwa chache tu, kwa hiyo mimi sikubali hata moja. Soma pia pakiti za peremende na vitu vitamu visivyo na sukari: ukiona xylitol, kitamu kinachotumika badala ya sukari, au E967, ambayo ni namba yake, weka juu kabisa mnyama asipofika. Kwa mbwa, sukari ya damu inaweza kushuka vibaya hata kabla ya saa moja kupita. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali, na mafuta mengi ya nyama yanaweza kuvimbisha kongosho. Donge bichi la unga lenye hamira huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe humo humo.

Ndoo ya taka naitoa nje mara tu sahani zinapokusanywa, maana harufu ya mifupa humshinda hata mbwa mwenye adabu.

Tafuta namba ya daktari wa mifugo kabla ya sikukuu, na uulize kama siku hiyo atakuwepo au nani anashika zamu. Mnyama akila kitu kibaya, mpigie ukiwa na pakiti mkononi, umweleze uzito wa mnyama, amekula nini, kiasi gani na saa ngapi. Usimtapishe kwa chumvi. Chumvi nyingi nayo ni sumu. Wala usingoje dalili. Kwa zabibu na xylitol, daktari ana nafasi kubwa zaidi ya kumwokoa mnyama ambaye bado anaonekana mzima.