Dawa za kuweka nyumbani ukihamia kisiwani: hesabu kwanza saa za boti

Umeuliza uweke dawa gani nyumbani, maana unahamia Kizingitini, kisiwani Pate, na watoto wawili wadogo, nawe umezoea Mombasa ambako hukosi duka la dawa mtaani. Mimi ni mzaliwa wa kisiwa cha Pate na nimekuwa mhudumu wa afya ya jamii huku kwa miaka mingi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona majumbani mwa watu.

Waliokutajia orodha ndefu ya vidonge wamekutakia mema, lakini wamesahau bahari. Faza, mji wa hapa hapa kisiwani, ipo hospitali, na hapo ndipo utakapokimbilia kwanza. Mgonjwa akipewa rufaa ya Amu, yaani mji wa Lamu, hapo ni boti, na maji yakiwa yamepwa hupiti Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari njiani, mpaka yajae. Sanduku lako la dawa ni la saa hizo. Halitibu ugonjwa, linamfikisha mgonjwa kwa daktari akiwa na nguvu.

Anza na kuharisha, kwa sababu ndiko kunakowaangusha watoto haraka, hasa maji ya kisima yakichafuka. Weka pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, nyingi kuliko unavyodhani unahitaji, pamoja na vidonge vya zinki. Soma pakiti kabla ya kukoroga: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita nzima, na nimeona akina mama wakichanganya ile ya lita kwenye chupa ndogo ya soda, ikawa chumvi tupu. Mnyweshe mtoto kidogo kidogo kila baada ya kuharisha. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Zinki ni miligramu 20 kwa siku (10 kwa aliye chini ya miezi 6), siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma. Pakiti zikiisha usiku, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, vitakusogeza hadi asubuhi. Dawa za kufunga tumbo usimpe mtoto kabisa.

Kwa homa na maumivu, parasetamoli. Dawa ya maji ya watoto iliyo ya kawaida ina miligramu 120 katika mililita 5, lakini yako pia matone ya watoto wachanga ambayo ni makali zaidi, kwa hiyo soma chupa kila mara. Kipimo hufuata uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, yaani mtoto wa kilo 12 hupata mililita 7.5. Pima kwa sirinji isiyo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani. Usizidishe mara 4 kwa siku, na angalia dawa za mafua, maana nyingi zina parasetamoli humo humo. Andika uzito wa kila mtoto kwenye kifuniko cha sanduku na uubadilishe wanapokua. Saa nane za usiku, mtoto analia na taa hafifu, hutaki kuanza kukisia.

Brufen (ibuprofen) na aspirini usizikimbilie mtu akiwa na homa usiyoijua. Mwaka 2004 chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, iliingia Amu, na uchunguzi uliofanywa ulikadiria kuwa robo tatu ya watu wa mji waliambukizwa. Mbu wake huuma mchana na huzaa kwenye maji tunayoweka majumbani, na mbu huyo huyo hubeba homa ya dengi. Mwenye dengi akimeza dawa hizo anaweza kutokwa na damu. Aspirini kwa mtoto ni marufuku. Na homa yoyote ya mtoto ikapimwe malaria. Dawa ya malaria isimezwe kwa kubahatisha. Akishindwa kunyonya au kunywa, akapata degedege, au akalegea asiamke vizuri, usingoje kukuche.

Majeraha: shashi, bandeji, plasta, glavu, iodini, kibano, mkasi. Ukiumia, osha kwa maji safi na sabuni kabla ya dawa yoyote, na ukichomwa na msumari wa chombo cha baharini kaulizie sindano ya pepopunda. Akichomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, na hili litatokea watoto wakishaanza kwenda pwani, chovya mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia kwa saa moja hadi moja na nusu. Maumivu hushuka sana. Maji ayajaribu mtu mzima asiyeumia, kwa sababu mwenye maumivu hatambui kuwa anaungua. Mwiba uliozama tumboni au kifuani usiung'oe.

Mafuta ya mahamri yakimmwagikia mtu, mvue bangili na pete, kisha chota kwa kata maji ya baridi ya birika, lile tangi la maji la nyumbani, umimine mfululizo kwa dakika 20, halafu funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno isiguse pale. Aliyekunywa mafuta ya taa usimtapishe. Aliyeumwa na nyoka usimchanje. Mtulize asitembee, mpelekeni.

Piriton inatosha kwa vipele na muwasho, ila inaleta usingizi. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, hilo si la Piriton, ni la hospitali mara moja. Antibiotiki zilizobaki za mtu mwingine zitoe nyumbani.

Dawa zako usizihifadhi jikoni wala juu kwenye mabati. Joto na unyevu wa huku huharibu dawa kabla ya tarehe yake. Nyumba ikiwa ya mawe, tumia zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za juu chumba cha ndani, kwenye bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana na mahali ambapo mtoto hafiki.

Na juu ya kifuniko hicho, chini ya uzito wa watoto, andika namba za manahodha wawili wanaokubali kutoka usiku. Patana nao bei ya petroli mapema, kabla hamna mgonjwa.