Maswali na majibu: Kifo katika ushairi, na ua lililofunga

Mwalimu, shikamoo. "Kama ua umefunga" katika shairi la Amina ni sitiari au tashbihi? (Mwanafunzi, Tabora)

Marahaba. Ni tashbihi, kwa sababu ya "kama"; sitiari hufananisha bila neno hilo. Swali hili naletewa kila mitihani ikikaribia, na kila mara muulizaji akishapata jina la tamathali anafunga daftari. Hapo ndipo ninapoumia. Msome tena Shaaban Robert anavyomlilia mkewe:

*Amina umejitenga, kufa umetangulia,*
*Kama ua umefunga, baada ya kuchanua*

Hakusema kunyauka, wala kukatwa. Kasema kufunga, na yapo maua yafungayo jioni yakafunguka asubuhi. Sasa kitazame kibwagizo: "Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua." Neno lile lile alilolitumia kwa kifo amelirudisha likawa fundo la ndoa. Amina amefunga kama ua, lakini yeye na mumewe nao walifunga kitu, na hicho hakuna wa kukifungua. Utaniambia kina cha "-nga" ndicho kilichomlazimisha. Kina humlazimisha kila mtunzi, Shaaban amekitumikisha. Ukiandika "tashbihi" ukaweka nukta, hujaligusa shairi.

Ni kweli kwamba mshairi mzuri hakitaji kifo kwa jina lake, bali hutumia tafsida? (Msomaji, Mombasa)

Si kweli. Rudi kwenye mshororo ule ule wa kwanza: "kufa" limekaa wazi, na aliyelitamka ni mfiwa mwenyewe. Ametutoka, ameaga dunia, ametangulia mbele ya haki: hizi ni adabu za kumfikishia mtu habari nzito akiwa mlangoni, na nina heshima nazo. Ila ukizipanga beti sita mfululizo, msiba wenyewe unapotea na msomaji hana pa kulilia. Hata "tangulia" ya Shaaban si pambo. Atanguliaye ana anayemfuata nyuma. Mume amejiweka njia moja na mkewe.

Marehemu na hayati vina tofauti gani?

Marehemu ni aliyerehemewa, kwa hiyo ukilitamka umemwombea. Hayati asili yake ni Kiarabu, maana yake uhai, na kwetu limezoeleka kwa viongozi na watu mashuhuri. Mimi nikifa niiteni marehemu.

Nimeiita mauti "mwizi" katika shairi langu, mjomba amekasirika. Nina kosa? (Msomaji, Kigoma)

Mjomba wako ana haki ya kukasirika. Mwizi huchukua kisicho chake. Jamaa zako wakiamini kwamba Mwenyezi amechukua kilicho chake, umeweka lawama ndani ya msiba wao bila kujua. Waislamu wanamtaja Israili, naye ni malaika anayetumwa. Ukimwita mjumbe umesema jambo moja, ukimwita mwizi umesema jingine kabisa. Usijitetee kwa Biblia pia: katika Wathesalonike wa Kwanza kinachokuja kama mwizi usiku ni siku ya Bwana. Kama kweli unataka kulalamika, lalamika waziwazi, ila ujue unamlalamikia nani.

Baba yangu, fundi cherehani, amefariki. Naomba orodha ya sitiari nzuri za kifo niandike shairi la kusoma arubaini. Nina "mti mkubwa umeanguka" na "pengo lisilozibika". (Msomaji, Kisarawe)

Pole sana, ndugu yangu. Mungu amrehemu mzee wetu.

Orodha sitakupa. Mti mkubwa umeangukia kila mzee niliyemzika, na pengo hilo nalisikia kwenye kila kipaza sauti cha msiba, hata kwa marehemu ambaye msemaji hakumjua. Maneno yanayomfaa kila mtu hayamlilii baba yako.

Yapata miaka 200 iliyopita, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mji wa visiwa vya Lamu, alitunga *Al-Inkishafi*, akauonya moyo wake kwa kuutazama mji wake uliofifia. Wakubwa wa Pate wamekufa, naye akaingia ndani ya nyumba zao kuangalia:

*Nyumba zao mbake ziwele tame,*
*Makinda ya popo iyu wengeme*

Nyumba zilizokuwa ziking'aa zimekuwa mahame, makinda ya popo yananing'inia juu. Kwenye madaka, yaani vishubaka vya ukutani, yaliyopangwa sahani, sasa wamelala makinda ya ndege. Daka la sahani ni kitu kidogo sana, na kwa hicho kidogo ukoo mzima umekwisha mbele ya macho yako.

Bibi yangu alipofariki, mbuzi yake ya kukunia nazi ilibaki nyuma ya mlango wa jiko. Ubao ulikuwa umelika pale alipozoea kukaa, na machicha makavu yalikuwa bado kwenye meno ya chuma. Hakuna aliyeikalia mpaka arubaini ikapita. Wali wa nazi haukupikwa nyumbani siku zote hizo, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Wewe nenda kwenye cherehani ya mzee. Nguo za watu alizozikata bila kuwahi kuziunga ziko wapi? Mistari ya chaki bado inaonekana? Anza hapo.

Na jambo hujaniuliza: shairi la msiba usilitume kwenye makundi ya simu kabla ndugu wote hawajaambiwa. Namjua binti aliyejua kwamba mama yake amekufa kwa kusoma ubeti wa mtu, akiwa ndani ya daladala.

Mbona wanasema utendi wa Mwana Kupona unahusu kifo, wakati ni mawaidha ya ndoa tu? (Msomaji, Lamu)

"Tu" hiyo iondoe. Mwaka 1858, alipomtungia binti yake utendi huu, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa, anasema maradhi yamemshika hata yametimu mwaka. Kifo hakukipa sura yoyote, si ya mnyama wala ya safari. Neno lake la kwanza kwa binti yake ni "Negema", yaani sogea karibu. Halafu anamwita tena:

*Ndoo mbee ujilisi,*
*Na wino na karatasi*

Njoo mbele ukae, na wino na karatasi. Mama hana muda, na binti ndiye atakayeshika kalamu.