Kijana kapangiwa amali, tugome?

Mwalimu mstaafu wa ufundi, Moshi, anajibu barua za wasomaji

*Shikamoo Mwalimu. Kijana wangu kaanza kidato cha kwanza, shule ya serikali hapa Arusha. Kwenye kikao cha wazazi tumeambiwa darasa lao linaingia mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, na wao ni useremala. Tulipiga kelele mpaka mkuu wa shule akafunga kikao. Mwanangu anataka uinjinia, leo anapelekwa kupiga randa! Baba yake anasema tumhamishe, mimi nasema wazazi wote tugome. Hizi amali si ndiyo zile za waliofeli? Na keshokutwa wakibadilisha tena, mtoto atakuwa mgeni wa nani?*
Mama wa mtaa wa Sakina, Arusha

Marahaba, mama. Hilo la waliofeli nalikataa kabisa. Enzi zetu, mtoto wa kuchaguliwa Moshi Ufundi, Tanga Ufundi au Ifunda alikuwa kafaulu darasa la saba hasa, na kijiji kizima kilijua. Heshima ya ufundi ilishuka baadaye, pale karakana zilipoachwa zikafa na vifaa vikabaki vya kuonyeshea wageni.

Ila hofu yako ya pili ina msingi. Mwaka 2005 tuliamka tukaambiwa fizikia na kemia zimekuwa somo moja; walimu wakalalamika, waziri aliyefuata akazitenganisha. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata divisheni sifuri. Serikali ikaunda tume, na Mei 2013 matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Mwaka uliofuata ikaja GPA, wastani wa alama badala ya divisheni, wazazi wakawa wanauliza mtaani "hii ni divisheni ngapi?", na matokeo ya 2015 yakatoka kwa divisheni kama zamani. Mtu aliyeyapitia hayo akisikia mtaala mpya hashangilii, na asionekane mkorofi.

Sasa mkitaka kugoma, mnagomea nini? Sera mpya ya elimu, ile ya 2014 toleo la 2023, imeweka mikondo miwili ya sekondari, wa jumla na wa amali, na shule za kwanza za amali zilianza Januari 2024. Mkisema tu "hatutaki amali", afisa elimu atawasomea sera, atawashukuru kwa kuja, na mtarudi nyumbani. Mimi ningegomea kitu ambacho hana jibu lake mfukoni.

Kabla ya kikao kijacho, wazazi wachache ombeni mfunguliwe karakana. Mchukueni na seremala mmoja wa hapo Sakina, msiishie mlangoni. Hesabuni jiliwa, vile vibano vya kushikia mbao mezani. Watoto arobaini kwa jiliwa mbili, maana yake wengi watasimama wakitazama wenzao wakikata mbao. Inueni randa moja muipindue muone chuma chake: kikiwa na kutu, au bado kina grisi ya dukani, ujue haijagusa mbao tangu iletwe. Kisha angalieni chini ya meza. Karakana inayofanya kazi haikosi maranda, yale mabaki membamba ya mbao iliyopigwa randa. Wafuga kuku wa mtaani ndio watakaowaambia ukweli, kwa sababu huyafuata kwa magunia. Kama sakafu ni safi kama ya kanisa, hapo pana stoo.

Halafu muulizeni mkuu wa shule, kwa adabu, anayefundisha ni nani. Kasomea ufundi, au ni mwalimu wa jiografia aliyehudhuria semina? Na mbao za mazoezi zinanunuliwa na nani? Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa tangu Januari 2016, lakini mbao hazikufutiwa bei. Somo la vitabu likikosa fedha mtoto ataazima kitabu kwa mwenzake. Useremala ukikosa fedha hakuna somo. Majibu yote mwandike, msaini wazazi wote, barua ipitie bodi ya shule iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala mbaki nayo. Mkigoma baada ya hapo nitawaelewa.

Kuhusu uinjinia: mlango haujafungwa, ila una kizingiti. Chuo cha Ufundi Arusha hapo mjini, kilichojengwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kinachukua wa kidato cha nne kwa stashahada, na wapo waliotoka stashahada wakaishia kuwa mainjinia wazuri tu. Lakini kozi za uhandisi zinatazama hisabati na fizikia. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mkuu wa shule liwe hili: katika ratiba ya amali ya mwanangu, fizikia ipo, na ana mwalimu wake? Akisema haipo, mhamishe, na wala usimwonee mtu haya. Akisema ipo, mwache apige randa. Nimefundisha uchoraji wa kiufundi maisha yangu yote, na kijana aliyewahi kutengeneza kiti kikayumba huelewa mchoro haraka kuliko aliyeuona ubaoni tu.

*Mwalimu, mimi ni seremala Majengo, Moshi. Shule wameniletea barua nipokee wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo. Sina shida na watoto, ila nilipwe nini? Mmoja akikatwa na msumeno wa umeme, kesi ya nani? Tena mimi mwenyewe sina cheti hata kimoja.*
Fundi wa Majengo

Fundi, usipokee mtoto kwa maneno ya mdomo. Taka karatasi inayosema wanakuja siku zipi, nani anawasimamia, na akiumia nani anabeba gharama za hospitali. Shule ikikwepa hilo la mwisho, warudishe. Na msumeno wa umeme wasiuguse kwanza. Waanze na wa mkono, wakunung'unikie, watazoea.

Malipo unayo haki ya kuyadai, ingawa sidhani shule ina fungu. Waajiri wenye wafanyakazi 10 na kuendelea, zikiwemo hoteli kubwa za Arusha, hukatwa tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara tangu Julai 2023, na sehemu ya fedha hiyo ndiyo inayoendesha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Fundi wa Majengo anayefundisha watoto wa serikali bure ningependa aione hata kwa misumari. Hili mngelibeba mkiwa kikundi, peke yako watakuzungusha.

Cheti kinapatikana. Nenda VETA Moshi uulizie urasimishaji ujuzi: unapimwa unachokijua tayari, bila kukaa darasani miaka. Fanya hivyo kabla hao vijana hawajaja kukupita kwa vyeti.

*Mimi ni mwalimu wa sekondari, Arumeru. Mnasema tathmini endelevu, yaani alama za kazi za mwaka mzima, ni nzuri. Wanafunzi wangu wananunua kazi mradi stationari, imechapwa, imejalidiwa, hata kichwa cha habari hawajasoma. Nifanye nini?*

Mwalimu mwenzangu, mtihani wa mwisho haubebi alama zote, na hizo za mwaka ndizo zenye soko. Karatasi usiikatae, mwite mwenyewe mezani umuulize maswali mawili kuhusu ukurasa wa tatu. Alama mpe kwa majibu yake. Na madarasa yenye watoto themanini? Hapo wizara ndiyo ijibu, mimi sina dawa.

*Mwanangu mkubwa alikuwa darasa la nne 2024, mdogo wake la tatu. Jirani anasema watamaliza pamoja. Ananitania?*
Mzazi, Usa River

Hakutanii. Mdogo yuko kwenye mtaala mpya unaoishia darasa la sita, mkubwa anamaliza la saba kwa ule wa zamani. Wote mwisho wao ni 2027, na Januari 2028 wanaingia kidato cha kwanza siku moja. Elimu ya lazima sasa ni miaka 10, kwa hiyo hakuna wa kumbakiza nyumbani. Sare mbili, mabegi mawili, daftari maradufu. Anza kuweka akiba sasa hivi, na kwenye kikao cha kijiji uliza kidato cha kwanza cha mwaka huo kimejengewa madarasa mangapi.