Jibu: Injini ya 10.5:1 iwekwe oktani ngapi?
Ndugu, umeuliza kama injini yako isiyo na turbo, yenye uwiano wa mgandamizo wa 10.5:1 (yaani silinda hubana hewa na petroli hadi ujazo wake upungue mara 10.5), inatosheka na petroli ya oktani 91 au lazima 95. Oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kujilipukia. Uwiano wa mgandamizo peke yake haukupi jibu. Fungua kifuniko cha tangi usome kibandiko, hicho ndicho cha kufuata. Mgandamizo ukizidi, mchanganyiko wa hewa na petroli hupata joto kali, na sehemu yake huweza kujilipukia kabla moto wa plagi haujaifikia. Oktani ya juu huzuia hilo tu. Zipo injini za 13:1 zinazokubali 91, kwa sababu petroli hunyunyizwa ndani ya silinda na kuipoza. Ukisikia mlio wa kugongagonga unapokanyaga mafuta mlimani, panda hadi 95. Na kumbuka, namba hizi za 91 na 95 ni za RON, mojawapo ya njia za kupima oktani; Marekani hutumia kipimo kingine, hivyo 87 yao ni takriban 91 ya RON.